TAKA YA MJINI: KAZI YAANZA JIKONI



Labda unajiuliza, taka ya Nairobi inatuhusu nini sisi watu wa mashambani? Maganda ya ndizi tunamtupia ng'ombe, majivu tunapeleka shambani, na mkebe wa mafuta ya kupikia unakuwa kipimo cha mahindi. Watu wa mjini na uchafu wao, shauri yao!

Lakini ngoja kidogo. Kabichi zinazouzwa Marikiti zinatoka kwa nani? Ndizi zinatoka Kisii na Meru, viazi vinatoka Nyandarua, mahindi yanatoka Bonde la Ufa. Kila lori linalopanda barabara usiku kwenda Nairobi limebeba jasho letu, na pia limebeba rutuba ya udongo wetu. Watu wa mjini hula kiini na kutupa ganda. Ganda halirudi shambani, linakwenda jalalani kuoza na kutoa moshi. Msimu ukifika, sisi tunakwenda dukani kununua mbolea ya gunia kwa bei ambayo kila mtu analalamikia.

Tena watoto wetu wanakaa huko. Kijana wako yuko Kayole, dada yako yuko Kawangware au Pipeline. Na ukiangalia vizuri, hata soko letu dogo la hapa kijijini linaanza kuwa mji: kuna vibanda, kuna nyumba za kupangisha, na nyuma ya kichinjio kuna lundo ambalo kila mwaka linaongezeka. Yaliyoifika Nairobi yatatufika na sisi tusipojifunza mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo katika makala haya tutaeleza taka ya mjini inakokwenda, inavyodhuru watu, na jinsi mtu wa ploti au kikundi cha kujisaidia kinavyoweza kuigeuza kuwa mali.

TAKA INAKWENDA WAPI?

Nairobi hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku. Zaidi ya nusu ya taka hiyo ni vitu vya jikoni na sokoni vinavyooza: maganda, majani ya sukuma wiki, mabaki ya ugali na githeri. Sehemu nyingine ni plastiki, karatasi, chupa, vyuma, nguo kuukuu na nepi za watoto.

Katika mitaa mingi, kikundi cha vijana hupita nyumba hadi nyumba mara moja au mbili kwa wiki. Kila nyumba hulipa kiasi fulani kwa mwezi. Vijana hupakia magunia kwenye mkokoteni au lori, na safari inaanza. Wengine hufikisha mzigo Dandora, kwenye jalala kubwa la jiji. Wengine huona Dandora ni mbali, basi humwaga kando ya barabara au mtoni usiku.

Jalala la Dandora lilianzishwa miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe, kama kilomita 8 mashariki ya katikati ya jiji. Kufikia mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Lakini malori hayakukoma kumwaga taka hapo. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita, malori yakaendelea kuja. Sababu ni rahisi: huwezi kufunga jalala kama taka yote ya jiji bado imechanganywa pamoja na haina mahali pengine pa kwenda.

Kando ya jalala hilo unapita Mto Nairobi. Mto huo unaingia Athi, Athi unateremka kupitia Ukambani mpaka unaitwa Galana, halafu Sabaki, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Basi ile karatasi ya nailoni na ile betri aliyotupa mtu wa Nairobi ikianguka mtoni, mwenzetu wa Machakos, Makueni au Kilifi ndiye anayechota maji yake. Bado utasema taka ya Nairobi haituhusu?

MADHARA YAKE SI HARUFU TU

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu Dandora. Watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jalala, wenye umri wa miaka 2 hadi 18, walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa cha hatari. Siku hizi wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Madini hayo hudhuru ubongo. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, na mzazi anamlaumu kwamba ni mvivu. Kumbe ni sumu.

Risasi inatoka wapi? Inatoka kwenye betri za magari, rangi za zamani, vyombo vya umeme vilivyovunjika. Ikichomwa hupanda na moshi. Ikinyeshewa huingia udongoni.

Hatari nyingine ni lundo lenyewe. Vitu vinavyooza vikifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo ni nyepesi kushika moto. Ndiyo maana jalala huwaka lenyewe kwa ndani, likafuka moshi siku nyingi. Pia lundo likilowa maji ya mvua huwa zito na kuteleza. Machi 2017 huko Koshe, Addis Ababa, jalala liliporomokea nyumba na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 2024, majirani wetu wa Kampala walipata msiba kama huo huko Kiteezi, wakafa watu zaidi ya 30. Waliofukiwa walikuwa watu maskini waliojenga karibu na jalala.

JAMBO LENYEWE NI KUCHANGANYA

Hapa ndipo kuna neno kubwa la makala haya. Ganda la kiazi si sumu. Chupa ya plastiki iliyooshwa si sumu. Gazeti la jana si uchafu, na mkebe wa chuma ni pesa. Lakini vyote hivyo vikitiwa ndani ya gunia moja, pamoja na betri na nepi, basi kila kimoja kinaharibu kingine. Ganda haliwezi tena kuwa mbolea kwa sababu lina vipande vya chupa na maji ya betri. Gazeti limelowa, hakuna anayelinunua. Chupa imepakwa mchuzi na kinyesi, mnunuzi anaikataa au anatoa nusu bei. Tulichokuwa nacho jikoni asubuhi kilikuwa mali ya aina nne. Jioni tumekigeuza kuwa uchafu wa aina moja.

Kwa hivyo kazi ya taka haianzii Dandora. Yaanzia jikoni, mkononi mwa yule anayemenya viazi.

Hata sheria inasema hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Katiba hiyo hiyo imeweka kazi ya kuzoa taka mikononi mwa serikali za kaunti. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya nailoni ya kubebea vitu ilipigwa marufuku, na sasa twajua kwamba inawezekana kwenda sokoni na kikapu. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Sheria hii inataka kila nyumba itenganishe taka inayooza na ile isiyooza, katika vyombo tofauti vyenye alama au rangi yake. Pia inataka kaunti ziwe na mahali pa kupokea na kuchambua vitu vinavyoweza kutumika tena. Ploti nyingi hazijafuata, lakini kikundi kikienda kwa ofisi ya kaunti kuomba kiwanja au chombo, kisiende kama mwombaji msaada tu. Kiende kikijua sheria iko upande wake.

VYOMBO VITATU VYATOSHA

Wengine hufikiri kutenganisha taka ni jambo la watu wenye nyumba kubwa. La. Hata chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi chaweza kuwa na vyombo vitatu:

1. Ndoo yenye kifuniko, ya vitu vinavyooza. Tia maganda, majani, mabaki ya chakula, majani ya chai, maganda ya mayai. Nyunyizia majivu makavu au vumbi la mbao juu kila jioni. Harufu itapungua na nzi hawatajaa. Usitie mchuzi mwingi, maana maji ndiyo yanayoleta uvundo.

2. Gunia kavu, la vitu vya kuuza au kutumia tena. Tia plastiki, karatasi, mikebe, chupa za kioo. Suuza chombo kwa maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Usitumie maji safi kwa kazi hii, maji ni ghali.

3. Mkebe mdogo, wa vitu vya hatari na vile visivyofaa kabisa. Betri, glopu zilizovunjika na dawa zilizopitwa na wakati ziwe mbali na mikono ya watoto. Nepi na sodo zifungwe vizuri kwa karatasi, zikae peke yake, na zipelekwe pamoja na ile taka ya mwisho inayochukuliwa na gari.

Baada ya wiki mbili utashangaa. Gunia lililokuwa likijaa kila siku tatu sasa ni mkebe mdogo. Kilichobaki cha kutupa ni kidogo sana.

Katika ploti, ni vizuri wapangaji wakubaliane na mwenye ploti kuweka mapipa mawili chini ya ngazi, moja la kuoza na moja kavu. Asiyetenganisha huharibu kazi ya wengine kumi. Kwa hivyo msianze na ploti nzima. Anzeni na nyumba tano zilizokubali. Jirani akiona hakuna nzi na hakuna panya kwenu, atauliza mwenyewe.

KUTENGENEZA MBOJI

Taka inayooza ndiyo nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyohitaji kiwanda wala mnunuzi wa kati. Hapa sisi watu wa shamba ndio walimu, na watu wa mjini ndio wanafunzi. Lakini hata sisi wengi tunatupa maganda ovyo na kuiita mbolea. Mboji nzuri ina kanuni zake.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na choo. Chimba shimo la futi moja kwenda chini, upana futi nne au tano. Halafu panga hivi:

- Chini kabisa weka vijiti na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite.
- Juu yake weka majani makavu, unene wa kiganja.
- Weka taka ya jikoni na majani mabichi, unene kama huo.
- Weka samadi kidogo ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Kama huna, tumia mboji ya zamani.
- Nyunyizia udongo wa juu na majivu kiasi, halafu maji.

Rudia safu hizo mpaka lundo lifike kimo cha kifua. Funika kwa udongo kidogo na majani ya ndizi. Mwisho chukua fimbo ndefu iliyochongwa ncha, uichome kwa mshazari mpaka katikati ya lundo. Fimbo hiyo ndiyo daktari wako.

Baada ya siku tatu chomoa fimbo uishike. Ikiwa moto, kazi inaendelea vizuri, wadudu wadogo wasioonekana wanakula. Ikiwa baridi na kavu, au ina unga mweupe, ongeza maji. Ikiwa baridi, imelowa na inanuka, maji yamezidi na hewa haitoshi: pindua lundo na uongeze majani makavu. Pindua baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Kwa muda wa miezi mitatu hivi mboji itakuwa nyeusi, itavunjika mkononi na kunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Usitie nyama na mafuta, maana huita panya na mbwa. Usitie kinyesi cha mbwa, paka wala cha mtu. Usitie mimea ya nyanya yenye ugonjwa. Na plastiki, hata kipande kidogo, usitie.

Kwa mtu wa ploti asiye na uwanja, ndoo kuukuu au pipa lililotobolewa chini na kando linatosha. Mboji yake ataitia katika gunia na kupanda sukuma wiki. Katika vitongoji kama Kibera, watu wengi wamepanda mboga katika magunia mlangoni, na mama anachuma majani ya jioni bila kwenda sokoni.

Tahadhari moja. Watu wengine huchota udongo mweusi wa jalalani na kuupeleka kwenye bustani, au huuza kama mbolea. Usinunue wala usitumie. Ule si mboji. Ni taka iliyochanganywa, na kama tulivyoona, ndani yake kunaweza kuwa na risasi. Hakuna njia ya kuichuja kwa ungo.

Wafugaji wa nguruwe nao huchukua mabaki ya hoteli. Ni jambo zuri, lakini chemsha mabaki hayo vizuri kabla ya kulisha, maana homa ya nguruwe hupitia kwenye nyama na mifupa iliyobaki. Ugonjwa huo hauna tiba, na ukiingia zizini humaliza nguruwe wote.

VITU VYA KUUZA

Kutumia kitu tena si jambo geni lililoletwa na wazungu. Nani hajui akala za tairi? Nani hajasoma kwa koroboi ya mkebe? Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamegonga mapipa ya zamani kuwa masanduku, majiko na makarai kwa miaka mingi. Chupa ya soda ya kioo tumekuwa tukirudisha dukani tangu utoto wetu, na mtoto akiivunja anajua atachapwa. Huo wote ni uchumi wa taka, ila hatukuuita hivyo. Hata jahazi limejengwa kwa taka: mafundi wa Lamu waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar.

Ukitaka kuuza plastiki, jua aina zake. Geuza chombo uangalie chini. Utaona pembetatu ndogo yenye namba ndani. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni mitungi migumu ya mafuta ya kupikia na sabuni, na jerikeni. Namba 5 ni vifuniko vingi, ndoo na mabeseni. Hizi tatu ndizo hupata mnunuzi kwa urahisi. Namba 3 na 6 wengi huzikataa. Kama namba imefutika, kata kipande ukitie majini: namba 2 na 5 huelea, namba 1 na 3 huzama. Usichanganye aina, maana mnunuzi ataipa mzigo wote bei ya ile mbaya.

Vyuma, shaba na sufuria za alumini hununuliwa kwa kilo. Lakini jihadharini, vyuma vya kuibwa pia hupitia njia hiyo hiyo. Kikundi kikubali tu mzigo ambao kinajua umetoka wapi, na kiandike jina la aliyeuleta.

Sasa tuseme ukweli kuhusu pesa, kwa sababu vikundi vingi vimevunjika moyo hapa. Chupa tupu ya nusu lita ni nyepesi sana. Kilo moja yataka chupa 50 au zaidi. Chukua mfano wa kikundi cha nyumba 20. Kila nyumba ikitoa chupa 3 kwa siku, hiyo ni chupa 60, yaani kilo moja na kitu. Kwa mwezi mzima ni kama kilo 30 au zaidi kidogo. Zidisha mwenyewe kwa bei ya mnunuzi wa kwenu, utaona kama inalipa nauli.

Sasa nyumba hizo hizo 20 zikitoa kilo moja tu ya taka inayooza kwa siku, kwa mwezi ni kilo 600. Ikishaoza hupungua nusu au zaidi, inabaki kilo 200 hadi 300 za mboji, yaani gunia 4 hadi 6 za kilo 50. Hiyo haitaki mnunuzi wa mbali. Kwa hivyo kikundi kinachokimbilia plastiki na kuacha maganda kimeokota senti na kuacha shilingi. Fanyeni zote mbili, lakini mjue uzito uko wapi.

KISICHOCHEZEWA

Kuna taka ambayo kikundi kisiijaribu hata kama pesa yake yavutia. Ya kwanza ni betri za magari. Huko Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, karibu kabisa na nyumba za watu. Watoto na wakubwa waliugua, na wengine walikufa. Wakaaji walikwenda mahakamani wakiongozwa na mama aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi huo. Mnaona basi, hata kutumia taka tena, ikifanywa vibaya, huua. Betri isivunjwe nyumbani. Irudishwe nzima kwa muuzaji wa betri.

Ya pili ni sindano na nyembe. Zitie katika chupa ngumu yenye kifuniko, uipeleke zahanati. Ya tatu ni vyombo vya dawa za mimea. Hivi viko kwetu kuliko mjini! Suuza mara tatu, mwaga maji hayo ndani ya pampu ya kunyunyizia, halafu toboa chombo. Kisitumiwe kamwe kubeba maji, maziwa wala uji.

Na usichome plastiki. Najua ni rahisi: kiberiti kimoja na lundo limekwisha. Lakini halijakwisha, limepanda hewani. Moshi wake una sumu inayodhuru mapafu na inayoweza kuleta saratani, na majivu yake huangukia mboga zako na maziwa ya ng'ombe wako.

KIKUNDI KIANZEJE?

Kwanza, pimeni taka yenu. Kwa wiki moja kila mwanachama apime kila jioni ana kilo ngapi za kuoza, ngapi kavu, ngapi za hatari. Msipange kwa kubahatisha.

Pili, tafuteni mnunuzi kabla ya kukusanya. Vikundi vingine vimejaza stoo mpaka dari, halafu vikauliza, "Nani ananunua?" Muulizeni anataka aina gani, safi kiasi gani, kilo ngapi ndipo alete gari.

Tatu, mlinde wafanyakazi. Glavu, viatu vya mpira na chanjo ya pepopunda si anasa. Na wale vijana na kina mama wanaookota taka mitaani msiwaite chokora. Wao ndio wamekuwa wakitenganisha taka ya jiji kwa mikono mitupu, bila mshahara na bila shukrani. Waiteni wajiunge.

Nne, mizani iwe ya kikundi, si ya mnunuzi. Na kila kilo iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, ungeni mji na shamba. Kama kikundi chenu kina watu wenu mjini wanaotengeneza mboji, na ninyi mnapeleka mboga huko kwa lori, lori hilo likirudi tupu mnapoteza. Zungumzeni na dereva. Gunia la mboji likirudi kijijini, ile rutuba iliyoondoka na kabichi imerudi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Lundo lililo karibu na soko letu lilianza mwaka gani, na mvua ikinyesha maji yake yanaelekea kwa kisima cha nani?
2. Katika nyumba zetu, ni kitu gani tunachotupa ambacho jirani angekinunua?
3. Ni nani wa kikundi chetu aliye na mtu mjini ambaye anaweza kuanza na ndoo moja mwezi huu?

Msiondoke mkutanoni na maazimio ishirini. Ondokeni na ndoo mbili, moja ya kuoza na moja kavu, nyumba tano zilizokubali, na tarehe ya kukutana tena. Mkikutana, kila mtu alete fimbo yake ya mboji, tuione kama ni moto.